Maneno Niliyomsemea Marehemu

Kwa anayenisoma leo gazetini kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Mke wangu alifariki miezi mitano iliyopita, wodini, saa nane kasoro mchana. Siku ya mazishi mama yake aliniuliza mbele ya watu, "Alisema nini mwanangu?" Nikajibu, "Alisema, mwambieni mama nimemsamehe. Asilie."

Hakusema hivyo. Nilitunga.

Wiki iliyopita niliishia pale mama mkwe aliponipigia simu kunieleza kwamba jiwe la kaburi limepatikana, na kwamba maneno yale ndiyo yatakayochongwa. Kesho yake, saa tatu asubuhi, kwa fundi mawe. Nisichelewe.

Niliweka simu mezani kando ya televisheni ya mteja niliyokuwa nimeifungua mgongo, nikakaa.

Mimi ni fundi wa televisheni. Karakana yangu ni chumba kimoja chenye meza, kiti, na seti kumi na kitu zinazosubiri wenyewe. Kazi hii ina jambo moja: ukishatengeneza seti ni lazima uiwashe na kuitazama, uhakikishe haizimiki tena. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja nimetazama tamthilia nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini vipande vipande, bila mwanzo wala mwisho.

Jioni nilikuwa nampelekea mke wangu vile vipande, naye ananimalizia bila kuviona.

"Yule tajiri ameanguka ngazini," namwambia.

"Amepoteza kumbukumbu."

"Umejuaje?"

"Ngazi za kwenye tamthilia hazivunji mguu. Zinavunja kumbukumbu tu."

Alikuwa mshonaji. Alisema hadithi iliyoungwa hovyo ni kama suruali iliyoungwa hovyo, utaiona tu mwenyewe akiinama. Yule mwanamke anayejibanza nyuma ya pazia na kusikia siri nzima bila kupiga chafya hata moja, alimpa jina la Bi Pazia. Wanaokata simu bila kuaga aliwauliza kama walilelewa porini. Pacha aliyefichwa tangu kuzaliwa alimtia hasira kabisa: "Na huyo mama aliyejifungua, hakuhesabu?" Kikohozi nacho alikipangia ratiba. Ukikohoa Jumanne, Alhamisi unazikwa.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni hotuba ya kitandani.

Mnaijua. Mgonjwa yuko hoi, midomo ina rangi. Anamshika mwanawe mkono. Anaomba msamaha, anasamehe, anamtaja baba halisi, anagawa mashamba, halafu shingo inalala upande.

"Pumzi yote hiyo ya kuhutubia," mke wangu alisema siku moja tulipotazama pamoja, akairushia skrini kandambili, "si angeitumia kupona?"

Huyo ndiye niliyempa hotuba ya kitandani. Na sasa ilikuwa inakwenda kukaa juu ya kichwa chake kwa herufi kubwa.

Niwaambie na upande wa pili, msije mkaona ni jambo dogo la kusahihisha.

Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Harusini kwetu hakuja. Alimwambia mwanawe kwamba hakumsomesha ili akaolewe na bisibisi. Mke wangu akamjibu neno baya zaidi, ambalo sitaliandika. Tangu siku hiyo hawakusemezana, miaka mitatu, mpaka mmoja wao akazikwa.

Baada ya mazishi mama alianza kunipigia simu kila jioni, saa kumi na mbili kamili.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

Nikisita kidogo tu, anajua nimemdanganya. Hakuna mwingine anayeniuliza. Wateja huniuliza, "Imepona?" na wanachoulizia ni televisheni.

Mwezi uliopita aliniambia, "Mwanangu, miaka mitatu nimelala kwa vidonge. Tangu uliponipa maneno yale nimevitupa."

Basi hapo ndipo nilipobanwa. Nikisema kweli, namnyang'anya mama usingizi. Nikinyamaza, mke wangu analala chini ya kitu alichokichukia kuliko vyote. Na kuna la tatu ambalo naona aibu kuliandika. Nikisema kweli, simu ya saa kumi na mbili haitalia tena.

Nilimpigia shemeji, mdogo wake marehemu. Yeye ana saluni.

"Sema haraka shemeji, nina mteja ana dawa kichwani."

"Yale maneno ya dada yako. Hakuyasema."

Nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikiunguruma. Kisha ikazimwa.

"Nilishajua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipofungua mdomo. Dada aseme 'asilie'? Dada aliyeniambia nikija kwake kulia nikae mbali na vitambaa vya wateja?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iwe nini? Mama ameanza kucheka, shemeji. Juzi amenunua viatu. Unajua mama alinunua viatu mara ya mwisho lini? Sasa wewe nenda kajifanye mkweli, halafu uje umlaze wewe."

"Na jiwe?"

"Jiwe ni jiwe. Kule makaburini wanaosoma ni mbuzi."

"Dada yako angeliona..."

"Dada haoni!" Sauti yake ilikatika. "Haoni, shemeji. Mama ndiye anayeona. Acha nimsuuze huyu mtu kabla hajanyonyoka."

Akakata bila kuaga. Ningekuwa na mtu nyumbani ningemsimulia hilo, akacheka.

Asubuhi nilipanga hila ndogo. Niwahi saa mbili, nimwombe fundi mawe asogeze kazi wiki mbili mbele, mengine nitayafikiria. Sikuwa na ujasiri zaidi ya huo.

Fundi mawe anafanyia kazi uani, pembeni ya barabara, chini ya bati. Vumbi jeupe limemkaa mpaka kwenye kope. Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameshaketi kwenye jiwe lisilochongwa, daftari mapajani, viatu vipya vimejaa vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa."

"Tulisema saa tatu, mama."

"Mimi nipo tangu saa moja. Mafundi ni kama wanafunzi, ukiwapa kisogo wanachora wanyama."

"Mama huyu," fundi mawe akaniambia, "amenifutisha herufi moja mara nne."

"Ilikuwa imelewa," akasema mama. "Mwanangu hakuwa mlevi."

Jina na miaka vilikuwa vimechongwa tayari. Chini yake, kwa penseli, yalikuwapo: MWAMBIENI MAMA NIMEMSAMEHE. ASILIE.

Nilikuwa sijawahi kuyaona yameandikwa. Yalikuwa yamepangwa vizuri sana. Yalifanana na mwisho wa kipindi, pale majina yanapoanza kupanda.

Fundi mawe akanivuta pembeni kidogo.

"Bwana, pole sana. Jana nilimsomea mke wangu haya maneno, akalia mpaka akaunguza sufuria. Nilikuwa naomba ruhusa. Nina ubao wa mifano pale mbele, wateja wanachagua maneno. Niyaweke haya. Hapa wengi wanakuja hawajui waandike nini."

"Yaweke!" mama akadakia kutoka kule kwenye jiwe. Masikio yake ni ya mwalimu. "Watu wajifunze."

Niliwaza makaburi kumi, ishirini, na kila mmoja aliyelala humo amemsamehe mama yake kwa mdomo wangu.

Fundi mawe akashika tindo, akaiweka kwenye mguu wa kwanza wa M, akainua nyundo. Akapiga. Kipande kidogo kikaruka.

"Ngoja," nikasema.

"Nini tena?"

"Ngoja kwanza."

"Bwana, ubao ukikosea unapiga randa. Hapa ukikosea unatafuta jiwe jingine. Kama mna la kusema, semeni sasa."

Mama alikuwa ananitazama. Nikamgeukia.

"Mama, hakusema."

"Hakusema nini?"

"Hayo. Hakusema amekusamehe. Hakusema usilie. Uliniuliza pale kaburini, watu wote wananitazama, nikatunga."

Hakupiga kelele. Alifunga daftari lake, akaifunika kalamu, akaiweka kwenye mkoba. Alifanya yote hayo polepole, kama mtu anayemaliza kipindi kabla ya kengele.

"Sasa alisema nini?"

"Sijui mama. Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

Hapa nina deni kwenu wasomaji. Wiki ya tatu niliandika kwamba mke wangu alipokata roho "nilikuwa karibu". Wawili wenu mkaandika gazetini kuuliza karibu ni wapi. Nilijifanya sikusoma.

Nilimwambia mama, na sasa nawaambia ninyi.

Siku ile aliamka vizuri. Moyo ndio uliokuwa unamsumbua, lakini asubuhi ile alikula, akanitania kuhusu shati langu. Ilipokaribia saa saba akakumbuka kuna marudio ya tamthilia yetu. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na televisheni ukutani.

"Nenda kaone kama yule pacha atatokea," akaniambia, "uje unisimulie. Wakimtoa leo naondoka hapa na dripu yangu, natembea mpaka kituo cha televisheni kuwasema."

Nikaenda. Nikakuta picha inacheza, mistari mitupu, watu wamekaa wanaitazama hivyo hivyo. Mmoja alikuwa mteja wangu. Akapaza sauti, "Si fundi huyu hapa!" Wakaniletea kiti.

Nikapanda. Bisibisi nilikuwa nayo mfukoni, siku zote ninayo. Waya wa antena ulikuwa umelegea, nikaukaza. Picha ikaja, sauti ikagoma. Nikafungua mgongo. Watu wakawa wananishikia skrubu, wananielekeza, wanataniana. Ilipofika kama saa nane kasoro sauti ikatoka, na pacha yule akawa anaingia mlangoni. Ukumbi mzima ukanipigia makofi.

Nilishuka kwenye kiti nina furaha. Nilirudi wodini karibu nikimbie, nikimpangia mke wangu jinsi nitakavyomsimulia.

Pazia la kitanda chake lilikuwa limevutwa pande zote.

"Ulikuwa unatengeneza televisheni," mama akasema.

"Ndiyo mama."

"Ya hospitali."

"Ndiyo."

"Mwanangu anakata roho."

Fundi mawe aliweka tindo chini, akaenda mbele kutafuta maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

"Kwa hiyo hajanisamehe," mama akasema.

"Sijui mama."

"Usiniambie hujui! Wewe ndiye uliyekuwa naye. Miaka yote hiyo aliwahi kunitaja?"

Nikiri jambo. Sentensi nyingine ilikuwa imeshafika mdomoni, tamu kuliko ya kwanza. Kwamba alikutaja kila siku, mama. Kwamba aliweka picha yako chini ya mto. Miezi mitano ya majuto ilikuwa haijanifundisha kitu. Niliing'ata.

"Alikutaja mara moja."

"Alisema nini?"

"Alikuwa anashona mkono wa koti. Akasema, 'Mama angeuona mshono huu angenirudishia.'"

"Basi?"

"Basi."

"Alikuwa amekasirika?"

"Alikuwa anaufumua, mama. Aushone upya."

Mama akasimama, akajipangusa vumbi, upande wa kushoto, halafu wa kulia.

"Fundi," akasema.

Fundi mawe na mimi tuligeuka kwa pamoja. Aliyekuwa anaitwa ni mimi. Tangu mazishi hakuwa ameniita hivyo.

"Nenda nyumbani."

"Mama, nisikilize..."

"Nimeshakusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza kaburini, mara ya pili hapa. Nenda nyumbani."

"Na jiwe, mama?" fundi mawe akauliza kwa upole.

"Liache kama lilivyo. Halina haraka hilo."

Jioni ile nilikaa na simu mezani. Saa kumi na mbili ikafika, ikapita. Nikajiambia labda amechoka. Siku ya pili ikapita vilevile. Siku ya tatu nilikula mkate mkavu nimesimama, na hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Nilitengeneza seti mbili, nikazijaribu bila kuwasha sauti. Kulikuwa na mwanamke amejificha nyuma ya pazia anasikiliza. Nikaigeuzia ukuta.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, simu ikalia. Shemeji.

"Umeridhika sasa?"

"Mama yuko wapi?"

"Mimi nikuulize wewe! Siku tatu hasemi na mtu, leo kavaa viatu vyake vipya, huyo, anasema anakwenda hospitali kumtafuta nesi."

"Anaumwa?"

"Haumwi! Anamtaka nesi aliyekuwa zamu siku ile. Nikamwambia mama, miezi mitano, watamjuaje? Ananiambia, 'Fundi hakuwepo. Lakini kuna mtu alikuwepo.'"

Nilikuwa nimeshika skrubu ndogo. Sikuiona tena ilikoangukia.

Kuna mtu alikuwepo. Jambo dogo hivyo, na mimi sikuwahi kuuliza. Siku ile nililivuta lile pazia, nikaona, nikatoka, nikaanza kutia sahihi nilikoambiwa. Sikumwuliza yeyote, "Nani alikuwa naye?" Miezi mitano nimejiambia kwamba alikufa peke yake na hakusema neno, na nikaandika gazetini hivyo, na mkanipa pole kwa hilo.

Mnajua kwa nini sikuuliza? Kwa sababu ningeuliza, wangeweza kunijibu kwamba aliniita.

Nilifunga karakana mteja akiwa mlangoni na seti mkononi. Nikamwambia kesho. Akauliza kesho saa ngapi, nikawa nimeshafika barabarani.

Ukumbi wa kusubiria ulikuwa umejaa. Nilipita nimeinamisha kichwa. Televisheni ilikuwa inafanya kazi vizuri, niliisikia.

Niliwakuta kwenye kijia cha kwenda wodini, kwenye benchi la mbao. Mama mkwe na nesi wa makamo, sweta mabegani, kibakuli cha chakula chake cha mchana kimefungwa mapajani. Nesi alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini. Mama alikuwa ameinama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa mbali sikuweza kujua kama analia au anacheka.

Aliinua uso akaniona. Hata hapo sikuweza kujua.

"Ndiye huyu," akamwambia nesi. "Aliyekuwa juu ya kiti."

Nesi alinitazama tangu miguuni.

"Mimi ndiye niliyekuja kukuita," akasema. "Nilisimama pale mlangoni mwa ukumbi nikakuita mara mbili. Walikuwa wanapiga kelele mno. Ningekufuata mpaka pale ulipo, lakini alikuwa amenishika kidole akasema nisikawie. Nikarudi."

Nilisogea karibu na benchi.

"Alizungumza?" nikauliza.

Nesi akamtazama mama, kama anayeomba ruhusa. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Si kama kwenye televisheni," nesi akasema. "Maneno yenyewe ni machache tu. La mama nimeshampa. Lililobaki ni lako, na siwezi kukupa umesimama hivyo, utaniangukia hapa na mimi mgongo wangu ni mbovu."

Mama mkwe akaondoa mkoba wake kwenye benchi, akauweka sakafuni kati ya viatu vyake. Nafasi ikapatikana, ya kumtosha mtu mmoja.

Hapo ndipo ninapoishia wiki hii.